UZI: Insha za kuomba vyuo vya Marekani, tuambiane ukweli mapema

#1 Msomaji_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum wana Mombasa, na wengine wote salamu zenu.

Msimu umeingia. Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, hufunguliwa upya kila tarehe 1 Agosti, na kuanzia hapo hadi mwaka mpya vijana wa hapa, kutoka Mji wa Kale mpaka Mtwapa, hunitumia insha niwasomee. Sitozi mtu wala mimi si wakala, kwa hivyo msiniulize bei. Nimefungua uzi huu kwa sababu maswali ni yale yale kila mwaka, na baadhi ya majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yanawaumiza watoto wa watu.

Nianze na lisilopendwa: hesabu. Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 ikachukua watu 1,937. Humo ndani kuna wanamichezo waliotafutwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo hapo, na vijana waliotoka na medali kwenye mashindano ya hisabati ya dunia. Hata ukiandika insha nzuri kuliko zote Pwani nzima, jibu la kutarajiwa bado ni hapana. Nalisema mapema ili Machi, majibu yakitoka, mtu asikae kitandani akitafuta sentensi iliyomponza. Mara nyingi sentensi hiyo haipo.

La pili ni pesa. Kama mzazi hawezi kulipa, usiulize kwanza chuo kina jina gani. Uliza kama wanapoamua huangalia uwezo wako wa kulipa. Viko vichache ambavyo hata kwa wanafunzi wa kigeni haviangalii, na vikikuchukua vinajaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wako: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown ni miongoni mwao. Vingine vingi vina fungu lao la wageni, na likiisha limeisha. Huko, kusema unahitaji karibu kila kitu kunapunguza nafasi yako. Lakini kuficha hakusaidii, maana ukichukuliwa bila msaada hutakwenda, na vingi havitakuruhusu kuomba msaada baadaye. Vyuo vikuu vya majimbo, yale majina makubwa tunayoyaona kwenye fulana pale Marikiti, kwa kawaida humpa mgeni kidogo sana.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni orodha. Insha haiokoi orodha mbovu. Mtoto mwenye vyuo vinane vyote vya aina ya Harvard hana mpango wowote, ana bahati nasibu tu.

Sasa insha yenyewe. Common App inataka insha moja ya kujieleza, maneno 250 hadi 650, na kisanduku hakipokei neno la 651. Vyuo vingi huongeza maswali yao mafupi, hasa lile la kwa nini umekichagua chuo chao. MIT ina fomu yake kabisa, yenye majibu mafupi kadhaa badala ya insha moja ndefu.

Shida yetu sisi ni kwamba insha tumefundishwa, tena sana. Mtoto aliyepita shule za Kenya anajua kufungua kwa methali, kulipamba jua la asubuhi, kutia takriri na tashbihi, halafu afunge kwa funzo. Akigeukia Kiingereza huhama na mapambo yote. Aya ya kwanza elimu ni ufunguo, ya pili ndoto ya udaktari, ya tatu tabu za nyumbani, ya nne nitarudi kuisaidia jamii. Nikifunika jina juu ya karatasi sijui ni ya nani.

Halafu kuna adabu. Tumelelewa kutojitapa, na ni malezi mema. Lakini nikimwuliza kijana alifanya nini shuleni ananiambia "tulianzisha klabu", na nikichimba nakuta "tulianzisha" ni yeye peke yake na ufunguo wa maabara aliokuwa akiuomba kwa mwalimu kila Ijumaa. Kusema "nilianzisha" si kujisifu ikiwa ndivyo ilivyokuwa.

Ninachotafuta nikisoma ni jambo moja dogo ambalo wewe tu ungeweza kuliandika, na mahali ndani yake ambapo mawazo yako yalibadilika. Basi. Hakuna haja ya msiba wala kombe.

Wekeni maswali. Atakayethubutu aweke aya hapa, tuisome hadharani.

#2 Nahodha_Nchi_Kavu

Nimeweka mkeka hapa. Endelea kaka.

#3 Baharia_Mtoro

Mbona mnazunguka mbuyu. Wazungu wanapenda habari za tabu. Wape njaa, wape koroboi, wape kilomita za kutembea bila viatu, utaingia. Jamaa mmoja namjua aliandika kwamba alisoma kwa mwanga wa mwezi, na kwao Nyali kuna jenereta. Yuko huko sasa hivi anapigwa na theluji.

#4 Msomaji_Kibokoni

Baharia, huyo jamaa yako huenda aliingia kwa alama zake, na mwezi wake ukasamehewa.

Nikujibu sawasawa. Anayesoma fomu kutoka Afrika Mashariki husoma nyingi mno kwa msimu mmoja, na habari za koroboi amekutana nazo asubuhi hiyo hiyo. Haziwezi kukutenganisha na mtu yeyote. Pia fomu ina mahali pengine pa hali ya nyumbani: kipato cha familia kiko kwenye fomu za msaada wa kifedha, mambo ya shule yako kwenye ripoti ya mshauri, na Common App ina sehemu ya maelezo ya ziada. Kama baba alifariki ukiwa kidato cha tatu na alama zikashuka muhula huo, liandike pale, sentensi tatu kavu, umemaliza. Likishakaa mahali pake, insha inabaki huru kukuonyesha wewe.

Si kwamba nakataza mtu kuandika juu ya tabu. Wapo ambao tabu yenyewe ndiyo iliyowafunza kufikiri. Ila ukiandika kitu kwa nia ya kuhurumiwa, msomaji huiona nia kabla hajafika kwenye kitu.

#5 Mwalimu_Mstaafu_Tudor

Nimesoma na nimefurahi, ila nina mawili.

La kwanza, naitetea insha yetu. Karatasi ya insha ya Kiswahili, 102/1, kwenye KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, ina alama 40, insha mbili za alama 20 kila moja, na swali la methali ni moja tu miongoni mwa machaguo. Mwanafunzi anayeijibu methali vizuri hasa hukisimulia kisa kimoja kwa undani mpaka maana ijitokeze yenyewe. Wale wa jua kuchomoza na ndege kulia ni waliokariri. Usiwalaumu waliofundisha kwa sababu ya waliokariri.

La pili ndilo lililonileta. Mnaongea insha na hakuna aliyetaja barua za walimu. Common App humtaka mshauri wa shule ajaze ripoti, na vyuo vingi huomba barua ya mwalimu mmoja au wawili. Shule zetu nyingi hazina mshauri wa mambo haya, na kazi huangukia kwa naibu wa mwalimu mkuu. Nimekaa kwenye ofisi hizo. Barua inayotoka ni mistari minne: mwanafunzi mtiifu, mwenye bidii, hajawahi kuadhibiwa, namtakia kila la heri. Mwalimu anadhani amemsifu. Kule ng'ambo inasomeka kama kwamba mwalimu hamjui mtoto.

Basi ninyi vijana, mwendeeni mwalimu mapema, kwa heshima, na karatasi yenye mambo mawili au matatu aliyoyashuhudia yeye mwenyewe. "Mwalimu, ule mwaka tulipokosa kemikali za jaribio nikaleta ndimu na majivu kutoka nyumbani." Atakumbuka, na ataandika. Msimwandikie barua, mkumbusheni tu. Na mwalimu awe na anwani ya barua pepe ya shule ikiwezekana, maana anwani ya Gmail yenye jina la utani huzua maswali.

#6 Msomaji_Kibokoni

Mwalimu, hapo kwa waliokariri una hoja, na kisa kimoja kwa undani ndicho hasa ninachokililia. Shikamoo.

#7 Mwalimu_Mstaafu_Tudor

Marahaba.

#8 Binti_Majengo

Mimi nathubutu. Hii ni aya yangu ya kwanza, nimeigeuza Kiswahili ili wote tuielewe:

"Elimu ni ufunguo wa maisha. Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari ili niihudumie jamii yangu inayoteseka. Nilizaliwa katika familia ya kipato cha chini mtaani Majengo lakini sijawahi kukata tamaa. Kupitia bidii, nidhamu na sala nimejifunza kwamba hakuna lisilowezekana."

Msinicheke.

#9 Baharia_Mtoro

Dada, hii naijua. Niliiandika mimi mwaka 2011.

#10 Msomaji_Kibokoni

Baharia nyamaza kidogo.

Binti, hakuna anayekucheka, umefanya ambalo wengine wameliogopa. Kiingereza chake naamini hakina kosa. Lakini nitajie kitu kimoja humu ambacho jirani yako wa dawati asingeweza kukiandika. Majengo? Hata yeye anatoka Majengo.

Weka aya kando, unijibu haya, kwa lugha yoyote: Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku uko wapi na unafanya nini? Nyumbani wakikwama, wewe wanakuita kwa jambo gani? Na nini ulikuwa unakiamini zamani na sasa hukiamini?

#11 Binti_Majengo

Jioni niko na nyanya barazani, anauza viazi karai na bhajia. Mimi nashika daftari la madeni. Wakikwama wananiita kwa simu, kutuma pesa, kujaza fomu za bima, mambo hayo. La tatu silijui.

Lakini viazi si vya kuandika kaka, hayo ni mambo ya nyumbani tu.

#12 Msomaji_Kibokoni

Hebu daftari. Likoje?

#13 Binti_Majengo

Mmmh. Nyanya hasomi. Kwa hivyo lina picha. Samaki ni mvuvi mmoja, gurudumu ni kijana wa tuktuk, kofia ni mzee anayeshona kofia za vito. Chini ya picha ni vijiti, kila kijiti sahani moja. Nilipofika darasa la saba nikaona aibu, nikamtengenezea jipya lenye majina na tarehe na jumla. Alilitumia siku chache akaliacha, akarudi kwa picha zake. Mimi nikajua ameshindwa kulizoea. Baadaye ndio akaniambia daftari huwa liko wazi mezani, na wanunuzi wanajua kusoma. Hakutaka fulani ajue fulani anadaiwa.

#14 Nahodha_Nchi_Kavu

Subhanallah. Nyanya kawapita wenye mabenki.

#15 Msomaji_Kibokoni

Binti, ndilo hilo swali la tatu ulilosema hulijui. Ulikuwa unaamini mfumo wako ni bora kwa sababu ni nadhifu. Nyanya akakuonyesha kwamba wake ulikuwa unafanya kazi ambayo wewe hukuiona: kuwasitiri watu. Mtu wa Mombasa ataelewa bila kuelezwa, na mtu wa Massachusetts ataelewa kwa sababu umemwonyesha samaki na gurudumu.

Tahadhari mbili kabla hujakimbia kuandika. Moja, usiligeuze liwe somo juu ya usalama wa data duniani. Utashawishika. Utataka aya ya mwisho iseme "ndipo nikagundua nataka kusomea kompyuta". Kama hukugundua siku hiyo, usiseme. Insha hii haihitaji kutaja unachotaka kusomea, kwenye fomu kuna mahali pake. Pili, nyanya asiwe bibi kizee wa hekima za kale anayetoa kauli nzito jioni ikiingia. Mwache akaange viazi na akasirike mafuta yakipanda bei. Unamjua, mwandike unavyomjua.

Na mwombe ruhusa. Ni daftari lake.

#16 Mama_Likoni

Jamani nami nina swali, msinione wa kushamba. Mwanangu alipata A ya kutoa mwaka jana na yuko nyumbani anaomba. Orodha yake ni Harvard, Stanford, Yale, na kingine nimesahau. Ameshawaambia watu mpaka msikitini. Ami yake wa Dubai amesema akipata atamlipia tikiti. Kila harusi nikienda naulizwa, "Mwana wa Harvard hajambo?" Usiku silali. Akikosa, nitamwambia nini, na hao watu nitawaambia nini?

#17 Msomaji_Kibokoni

Mamangu, pole, wala si ushamba. Mzigo huu huwa wa wazazi zaidi kuliko watoto, na ni wachache wanaousema.

Kuhusu watu, sasa hivi jibu liwe moja: "Ameomba vyuo kadhaa, vingine vya hapa hapa, tunangojea." Likirudiwa mara za kutosha, hadithi ya Harvard itachoka yenyewe. Majibu ya vile vikubwa hutoka mwishoni mwa Machi, tena kwa saa zao za jioni, yaani kwetu ni kama saa nane za usiku. Mwambie asifungue akiwa na grupu la marafiki kwenye simu. Afungue asubuhi, ameshaswali na ameshakunywa chai.

Kuhusu yeye mwenyewe, zungumza naye sasa, usingoje Machi. Mwulize, "Kati ya vyuo vyako vyote, kipi ungefurahi kwenda ambacho hujawahi kukiona kwenye sinema?" Kama hana, orodha haijakamilika. Kuna vyuo vidogo vya Marekani vinavyotoa msaada mzuri na hapa hakuna anayevitaja. Berea kule Kentucky hakitozi karo kabisa, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni walau saa 10 kwa wiki. Kuna NYU Abu Dhabi, tawi la Chuo Kikuu cha New York, karibu na ami yake. Kuna Ashesi kule Ghana, ambako Mastercard Foundation hufadhili wanafunzi. Vyote hivi ni vigumu pia, sitaki kukudanganya, lakini ugumu wao haufanani, na hilo ndilo linaloipa orodha maana.

#18 Mzee_Makadara

Mwacheni mama apumue, nami niseme kidogo.

Vijana wanafikiri habari hii imeanza na intaneti. Mwaka 1959 Tom Mboya alipeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi Marekani, watu 81. Watu walichanga mitaani, wengine wakauza mifugo. Na wale wanafunzi hawakwenda wote kwenye majina makubwa. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960 kwenye chuo kidogo cha masista mjini Atchison, Kansas, kinaitwa Mount St. Scholastica. Alisoma baiolojia, akamaliza 1964. Nani kati yenu aliwahi kukisikia chuo hicho kwenye harusi? Tuzo ya Nobeli ya 2004 ilimkuta bila ya mtu kumuuliza alisoma wapi.

Mama, mwambie kijana habari hiyo. Asipokusikia, mlete Makadara tunywe kahawa.

#19 Kijana_wa_Bamburi

Swali fupi. Siwezi kutumia ChatGPT kuandika? Au nimlipe mtu. Kuna vijana wengi hapa wanaishi kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, na wanaijua kazi.

#20 Baharia_Mtoro

Yaani Mkenya anamwandikia mzungu insha, halafu Mkenya mwingine anamlipa huyo huyo amwandikie ya kumwomba mzungu. Nchi hii ina burudani.

#21 Msomaji_Kibokoni

Kijana, Common App imeandika kwenye sera yake ya udanganyifu kwamba kuwasilisha maandishi ya akili bandia kana kwamba ni yako ni kosa. Na unaweka sahihi kwamba kazi ni yako.

Ila nikupe sababu ya karibu zaidi. Wengi wenu mnafanya Duolingo English Test, mtihani wa Kiingereza wa mtandaoni, kwa sababu ni nafuu na unaifanyia nyumbani. Mtihani ule una sehemu ya kuandika na ya kuzungumza ambazo chuo hupelekewa pamoja na alama. Msomaji anaweza kuweka maandishi uliyoyaandika kwa dakika chache mbele ya kamera kando ya insha yako. Kama insha inaongea kama profesa na sampuli inaongea kama wewe, umejishtaki.

Kutafuta mtu akuulize maswali, au akuonyeshe kosa la sarufi, hakuna ubaya. Kipimo changu ni nani aliyeshika kalamu.

#22 Mhasibu_Changamwe

KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wamempa mdogo wangu nafasi TUM (Technical University of Mombasa), uhandisi. Anataka kuomba Marekani pia. Ajiunge au akae nyumbani mwaka?

#23 Msomaji_Kibokoni

Hili ni zito na watu wanalikosea, nitalieleza polepole.

Kalenda zetu zinagongana. KCSE huisha Novemba, majibu hutoka Januari (ya 2024 yalitoka tarehe 9 Januari 2025), na tarehe za mwisho za vyuo vingi vikubwa ni siku za mwanzo za Januari hiyo hiyo. Ndio maana wengi wetu huomba msimu unaofuata, wakiwa na cheti mkononi. Lakini kufikia hapo KUCCPS imeshawapanga, na Septemba wanatakiwa waripoti.

Akijiunga TUM au Chuo Kikuu cha Pwani akaanza digrii, vyuo vingi vya Marekani vinaweza kumhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia badala ya wa mwaka wa kwanza. Msaada wa kifedha kwa wageni wanaohamia ni mdogo zaidi, na vingine havitoi kabisa. Kila chuo kina mstari wake: kimoja kinahesabu mwaka mzima wa masomo, kingine kinahesabu hata muhula. Kwa hivyo kabla hajaripoti, asome ukurasa wa udahili wa kila chuo kwenye orodha yake, na penye utata awaandikie awaulize. Majibu yao ayahifadhi.

Upande wa pili, kukaa nyumbani mwaka mzima kwa ajili ya orodha ya bahati nasibu, na kuacha nafasi ya uhandisi, mimi siungi mkono. Kama orodha yake ina vyuo ambavyo kwa alama zake na kwa pesa zenu vina mashiko, mwaka mmoja unaweza kufaa, na awe na kazi ya kufanya ndani yake. Kama ni majina tu, aende TUM, na shahada ya pili ikifika ataomba huko, ambako ufadhili wa uhandisi ni mpana zaidi.

#24 Nahodha_Nchi_Kavu

Na Uingereza?

#25 Msomaji_Kibokoni

Ni mchezo mwingine. UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, ni vyuo vitano, huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, na maelezo ni herufi 4,000, sasa yamegawanywa katika maswali matatu. Huko andika juu ya somo: umesoma nini, umejaribu nini, kwa nini uhandisi na si fizikia. Daftari la nyanya halina nafasi huko. Msaada kwa wageni wa shahada ya kwanza ni haba, kwa hivyo uliza pesa kabla hujaandika neno.

#26 Mama_Likoni

Kuna mtu mjini anasema ana uhakika wa kuingiza na viza juu, anataka malipo mbele. Nimlipe?

#27 Mwalimu_Mstaafu_Tudor

Usimlipe, mama.

#28 Msomaji_Kibokoni

Usimlipe. Akaunti ya Common App ni bure, familia isiyojiweza inaweza kuomba msamaha wa ada za maombi, na ushauri wa EducationUSA wa ubalozi wa Marekani hautozwi, hata kwa mtandao. Viza huamuliwa kwenye usaili Nairobi, baada ya chuo kukutumia fomu ya I-20 inayothibitisha kwamba kimekuchukua, na wewe kulipa ada ya SEVIS, sajili yao ya wanafunzi wa kigeni, dola 350. Hakuna mtu wa Mombasa anayeweza kuihakikisha. Ami wa Dubai, kama anataka kusaidia, aweke kando hiyo ada, nauli ya treni na nguo za baridi, maana vitu hivyo, vyuo vingi husahau kuvihesabu.

#29 Binti_Majengo

Nyanya amekubali, ila amesema bei ya viazi nisiitaje. Mwanzo mpya ni huu:

"Nyanya yangu hasomi, lakini daftari la madeni ni lake. Ana samaki, ana gurudumu, ana kofia. Nikiwa darasa la saba niliona daftari lile ni aibu ya nyumba yetu, nikalipiga mistari jipya: jina, tarehe, jumla. Nilijivunia hasa safu ya jumla. Nyanya alinishukuru, akalitumia siku chache, kisha nikalikuta limewekwa chini ya kopo la chumvi ili kopo lisiyumbe."

Halafu naendelea. Lakini yote ni maneno 811 na sijui nikate wapi.

#30 Mwalimu_Mstaafu_Tudor

Kopo la chumvi! Alama zote.

#31 Msomaji_Kibokoni

Nimeisoma yote uliyonitumia. Kata aya ya udaktari, yote. Kata mahali unapoeleza Mombasa iko wapi, anayesoma ana ramani. Ile sentensi ya mwisho inayoanza "Tangu siku hiyo", iondoe, insha inaishia nyanya anapokwambia wanunuzi wanajua kusoma. Hapo utakuwa na kama 640. Usiongeze kitu kujaza nafasi. Mpe mtu asiyekujua akusomee kwa sauti, na akikwama mahali, hapo ndipo pa kurekebisha. Tuma siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, stima ya kwetu haina dhamana.

#32 Mama_Likoni

Kijana ameongeza vitatu, na Berea kimo. Harvard hataki kuitoa.

#33 Msomaji_Kibokoni

Asiitoe mamangu. Iwe moja kati ya nyingi.

#34 Mama_Likoni

Sawa. Kuna kimoja wamekataa msamaha wa ada. Tufanyeje?

#35 Msomaji_Kibokoni

Awaandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi, aeleze hali, na mshauri wa shule aongeze mistari miwili kuthibitisha. Mara nyingi hukubali. Wakikataa tena, akitoe aweke kingine.